Uzito, Kimo na Uthabiti wa Lori: Yampasayo Mwenye Mzigo Kuyajua

Malalamiko mengi yanayotufikia kuhusu usafirishaji wa mizigo ni ya nauli, ucheleweshaji na bidhaa zilizoharibika njiani. Ni nadra mno mwenye mzigo kutuuliza iwapo lori alilolikodi lilikuwa na uwezo wa kuubeba mzigo wake bila kupinduka. Pengine hudhani kwamba jambo hilo ni la dereva na askari wa usalama barabarani. Sivyo. Idadi ya magunia, ujazo wa kila gunia, aina ya lori na namna mzigo unavyopangwa juu yake ni mambo yanayoamuliwa shambani, ghalani au dukani kabla injini haijawashwa. Na mara nyingi mwenye kauli ni yule anayelipa. Dereva hukabidhiwa gari ambalo uthabiti wake umekwisha kuamuliwa na wengine, naye hubakiwa na usukani na breki.

Makala haya yanaeleza ni kwa vipi uzito na ukubwa wa lori huathiri usalama wake barabarani, ili mwenye mzigo ajue anachokinunua anapoongeza gunia moja juu ya mengine. Tumeweka hesabu chache. Msomaji asiyependa hesabu anaweza kuziruka na kushika matokeo yake.

Uzito wa jumla na uzito wa ekseli

Uzito wa lori hutazamwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni uzito wa jumla, yaani gari lenyewe, mafuta, watu na mzigo. Ya pili ni uzito unaobebwa na kila ekseli. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo ilianza kutumika nchini Tanzania mwaka 2019, inaweka ukomo kwa yote mawili. Ekseli ya mbele inayoongozwa na usukani, yenye matairi mawili, haipaswi kuzidi tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne haipaswi kuzidi tani 10. Ekseli mbili zilizoandamana, zenye matairi manne kila moja, hubeba tani 18, na ekseli tatu za namna hiyo hubeba tani 24. Gari lolote, hata liwe na ekseli nyingi kiasi gani, halipaswi kuzidi tani 56.

Kutokana na takwimu hizo msomaji anaweza kujitafutia jibu la swali ambalo madalali wengi hulikwepa. Lori la ekseli mbili, lile ambalo watu wengi huliita Fuso hata kama halikutengenezwa na kampuni hiyo, haliwezi kuzidi tani 18 pamoja na uzito wake lenyewe. Likiwa na uzito wa tani 7 likiwa tupu, linabakiwa na nafasi ya tani 11 za mzigo, na hapo ni iwapo mtengenezaji hakuweka ukomo wa chini zaidi. Ukomo wa mtengenezaji ukiwa mdogo kuliko wa sheria, basi huo mdogo ndio wa kufuatwa, kwa kuwa breki, springi na matairi ya gari hilo vilitengenezwa kwa kipimo hicho. Semitrela yenye ekseli sita, yaani moja mbele, mbili chini ya kichwa na tatu chini ya tela, huruhusiwa tani 50, ambazo ni jumla ya 8, 18 na 24.

Yapo magari ambayo uzito wake wa jumla ni halali ilhali ekseli moja imezidishiwa. Hili huwashangaza wenye mizigo wanaposimamishwa kwenye mizani ya Makambako au ya Vigwaza, nao hudhani wameonewa. Tuchukue lori la ekseli mbili ambalo ekseli zake zimeachana kwa mita 5, lililobeba tani 10. Mzigo wote ukisogezwa nyuma kwa nusu mita tu, tani moja nzima huihama ekseli ya mbele na kwenda ya nyuma. Hakuna gunia lililoongezwa. Lakini ekseli ya nyuma iliyokuwa na tani 10 sasa ina tani 11, na ile ya mbele imekuwa nyepesi kwa tani moja. Matairi ya mbele yakikosa uzito wa kuyakandamiza barabarani, usukani huwa mwepesi mkononi na gari huchelewa kuitikia dereva anapokata kona, hasa lami ikiwa na maji. Mzigo unaoning'inia nyuma ya bodi hufanya vibaya zaidi, kwa kuwa kila kilo iliyo nyuma ya ekseli ya nyuma huinua sehemu ya mbele kama ubao wa bembea.

Barabara nayo hulipa. Kati ya mwaka 1958 na 1960 yalifanyika majaribio makubwa karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani. Malori yaliyoendeshwa na wanajeshi yalizungushwa mchana na usiku juu ya barabara zilizojengwa mahsusi ili ziharibiwe. Wahandisi waligundua kwamba uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito, bali kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli iliyozidishiwa asilimia 10 huharibu barabara karibu mara moja na nusu kuliko ile halali; iliyozidishiwa asilimia 20 huiharibu mara mbili; na iliyobebeshwa maradufu huiharibu mara 16. Mifereji miwili tunayoiona kwenye lami ya barabara kuu, pale malori yanapopanda mlima polepole, ni kazi ya ekseli hizo. Mifereji hiyo nayo hukusanya maji, huvuta usukani upande na kuyumbisha gari refu, hata lile lililobeba mzigo wake kwa haki. Kwa hiyo gunia la ziada la msimu huu huweza kumpindua mtu mwingine msimu ujao.

Kimo cha mzigo

Kila gari lina nukta moja ambayo uzito wake wote unaweza kuhesabiwa kuwa umekusanyika hapo. Nukta hiyo huitwa kitovu cha uzito. Kwenye gari dogo iko chini, usawa wa viti au chini zaidi. Kwenye lori lililopakiwa hupanda juu ya sakafu ya bodi, na kadiri mzigo unavyorundikwa ndivyo inavyozidi kupanda.

Gari likiingia kwenye kona, matairi huvutwa na barabara kufuata mpindo, ilhali uzito ulio juu unataka kuendelea mbele moja kwa moja. Matokeo yake ni msukumo wa kuliangusha gari upande wa nje wa kona. Kinachozuia ni upana uliopo kati ya matairi ya kushoto na ya kulia. Upana ukiwa mkubwa na kitovu kikiwa chini, gari husimama imara. Upana ukibaki vilevile na kitovu kikipanda, gari huwa kama mtu aliyebeba ndoo kichwani huku miguu ameibana. Gari dogo likizidisha mwendo kwenye kona, kwa kawaida huteleza kabla ya kupinduka. Lori lililorundikwa mzigo hupinduka kabla ya kuteleza, bila kumpa dereva onyo la mlio wa matairi.

Tutoe mfano wa makadirio. Mfanyabiashara amekodi lori la ekseli mbili kuleta mazao kutoka Njombe hadi Dar es Salaam. Lori tupu lina tani 7 na kitovu chake kiko mita 1 kutoka ardhini. Sakafu ya bodi iko mita 1.2 juu ya ardhi. Akipakia tani 10 zilizopangwa hadi kimo cha mita 1.6 juu ya sakafu, kitovu cha lori na mzigo kwa pamoja huwa karibu mita 1.6 kutoka ardhini. Akipakia tani 13 hadi kimo cha mita 2.2, kitovu hupanda hadi takriban mita 1.85. Tofauti ni sentimita 25, chini ya urefu wa rula ya mwanafunzi.

Tuliweke sasa lori hilo kwenye kona tambarare ambayo nusu kipenyo cha mpindo wake ni mita 100. Tukizingatia upana wa kawaida wa matairi, pamoja na jinsi springi zinavyolala na kuupeleka mzigo upande wa nje, lori la tani 10 litaanza kuinua matairi ya ndani likifika mwendo wa karibu kilomita 75 kwa saa. Lile la tani 13 litayainua kwenye kilomita 70. Wengi wataona kwamba kilomita 5 si kitu. Lakini dereva mzoefu hujua kona zake kwa mazoea. Kama miaka yote amezoea kuipita kona hiyo kwa kilomita 68 au 69, mazoea yake yalikuwa na akiba. Leo, katika kona ileile na kwa mwendo uleule, akiba hiyo imeliwa na magunia ya juu, naye hana kipimo chochote ndani ya kibanda chake cha kumweleza hivyo. Shimo moja, tairi moja lenye upepo mdogo au mwendesha bodaboda mmoja wa kukwepwa hutosha kumalizia kilichobaki.

Ndiyo maana hatukubaliani na usemi kwamba lori lililopinduka kwenye kona lilipinduka kwa mwendo kasi peke yake. Mwendo ulikuwepo, lakini ukomo wa mwendo huo ulikwisha kushushwa kule mzigo ulikopakiwa.

Mahali ambapo bidhaa nyingi nyepesi hubebwa pamoja na chache nzito, upangaji huamua karibu kila kitu. Saruji, nondo, vigae na kreti za vinywaji zikae sakafuni, katikati ya bodi kwa upana wake, na magodoro, ndoo na majani yakae juu. Wapo wanaofanya kinyume kwa sababu kilicho kizito kitashushwa kwanza. Huo ni wepesi wa wapakuaji unaonunuliwa kwa hatari ya kila mtu aliye barabarani. Hata mzigo mwepesi mtupu, kama magunia ya mkaa yaliyopangwa hadi kupita kichwa cha lori, una shida yake: upepo wa ubavuni huupata ukuta mpana wa kuusukuma. Kontena refu la mita 2.9, likiwekwa juu ya tela ambalo sakafu yake iko mita 1.5, hufikia mita 4.4 kutoka ardhini. Kontena hilo likifungwa kwa kamba badala ya kufuli za pembe zote nne, litajitenga na tela kwenye kona ya kwanza kali.

Lumbesa

Hatuwezi kuzungumzia uzito wa mizigo ya mazao nchini bila kuitaja lumbesa. Sheria ya Vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilieleza jambo hilo kwa miaka mingi, hasa kwa ajili ya kumlinda mkulima anayelipwa kwa gunia badala ya kwa kilo. Wachache hutazama upande wa pili wa lumbesa, yaani lori linalolibeba.

Mwenye lori na dereva huhesabu magunia. Wakiambiwa ni magunia 100, huandika tani 10 vichwani mwao. Kama kila gunia limeshonewa kilemba na kufikia kilo 130, lori limebeba tani 13 na hakuna aliyekubali kubeba tani 13. Mfano wetu wa hapo juu haukutoka hewani: tani 7 za lori na tani 13 za lumbesa ni tani 20, tani 2 zaidi ya ukomo wa lori la ekseli mbili. Tena gunia la lumbesa lina umbo la yai. Halilali vizuri juu ya jingine, huacha mianya, hubonyea na kuteleza. Kamba zilizokazwa Njombe huwa zimelegea kabla ya Iringa, kwa kuwa magunia yamejipanga upya kwa mtikisiko, na mzigo huanza kuegemea upande mmoja. Dereva mwangalifu husimama baada ya kilomita chache za mwanzo na kuikaza upya mikanda. Mwenye mzigo anayempigia simu kumuuliza kwa nini amesimama anamnyima muda wa kazi iliyo muhimu kuliko zote za safari hiyo.

Mteremko

Kutoka Iringa kwenda Dar es Salaam barabara huteremka Kitonga, ikijikunja kando ya genge hadi bonde la Ruaha. Wasafiri wanaijua milima mingine ya namna hiyo, kama Sekenke mkoani Singida. Kwenye mteremko uzito hugeuka kuwa joto, na joto ndilo adui wa breki.

Semitrela ya tani 50 ikishuka mteremko unaopoteza mita 8 za kimo kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, huwa na nishati ya takriban kilowati 300 ambayo lazima imezwe na kitu fulani ili mwendo usiongezeke. Hizo ni kama birika za umeme 150 zinazochemka kwa wakati mmoja. Akishuka kwa kilomita 60 kwa saa, birika zimekuwa 300. Injini, ikiwa katika gia ya chini, inaweza kumeza sehemu kubwa. Kinachobaki humezwa na breki. Breki zikipata moto kupita kiasi, ngoma zake hutanuka na kuziacha viatu vya breki mbali, na vitambaa vyake hupoteza mshiko. Dereva hukanyaga, hupata nguvu kidogo, hukanyaga tena, hupata kidogo zaidi, kisha hapati kitu. Watu husema breki zilikatika. Mara nyingi hazikukatika, zilichemka.

Kutokana na hilo hufuata kanuni ambayo madereva wa zamani huijua bila fizikia: ishuke milima kwa gia uliyoipandia. Kinyume chake ni tabia ya kuweka gia huru ili kuokoa mafuta. Katika gia huru injini haimezi chochote na birika zote 150 huhamia kwenye breki. Tabia hii ina chanzo chake. Mwajiri anayempa dereva mafuta ya kupima kwa mtungi, na mteja anayeibana nauli hadi isitoshe mafuta, humsukuma dereva kuitafuta lita moja mahali pasipofaa kutafutwa.

Kuzidisha uzito huongeza pia umbali wa kusimama. Lori lenye breki nzuri, katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa ambao ndio ukomo wa magari mazito nje ya makazi, hutumia takriban mita 33 kabla dereva hajaanza kukanyaga breki, yaani sekunde moja na nusu ya kuona na kuamua, kisha mita 50 hivi za kusimama kwenye lami kavu. Breki zilizofika mwisho wa uwezo wake hazitaongeza nguvu kwa sababu mzigo umeongezeka. Uzito ukipanda kwa asilimia 20, mita 50 huwa 60. Breki zikiwa zimepata moto au zimechakaa, hata mita 80 hazitatosha. Mtoto anayevuka barabara kijijini hana habari ya hesabu hizo, na ndiyo sababu ukomo katika makazi ni kilomita 50.

Aliye kwenye gari dogo naye ajue yanayomhusu. Gari la tani 1.5 likigongana uso kwa uso na lori la tani 20, kila moja likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, lori litapungukiwa na mwendo wa karibu kilomita 7 tu. Gari dogo litabadilishiwa mwendo kwa kilomita 93, kwa kuwa litasimamishwa na kurudishwa nyuma papo hapo. Walio ndani hupatwa na badiliko hilohilo.

Mzigo usiotulia

Kuna mizigo ambayo kitovu chake cha uzito hakikai mahali pamoja. Ng'ombe waliosimama ndani ya lori huhamia upande mmoja gari linapopinda. Magogo na nguzo kutoka misitu ya Sao Hill huko Mafinga hubiringika iwapo vizuizi vya pembeni ni vifupi kuliko rundo. Lakini mgumu kuliko yote ni mzigo wa kimiminika.

Tangi lililojaa pomoni lina uzito mkubwa, ila kimiminika hakina pa kwenda. Tangi tupu ni jepesi. Hatari kubwa iko katikati, tangi likiwa limejaa nusu au robo tatu: kwenye kona maji au mafuta hukimbilia upande wa nje, na kwenye breki hukimbilia mbele na kuligonga tangi kama nyundo. Kuta za ndani zenye matundu hupunguza msukumo wa mbele na nyuma, lakini nyingi hazizuii ule wa ubavuni. Msomaji wa mjini anayeagiza boza la maji afahamu kwamba lita 10,000 ni tani 10, na kwamba boza lililotoka kumjazia jirani nusu ya tangi lake ndilo linaloweza kupinduka kwenye njia ya mtaani kwake. Si busara kumharakisha dereva wake.

Lori la mafuta likianguka, kinachofuata huweza kuwa kibaya kuliko ajali yenyewe. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikusanyika kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini na kusafiri mbali na tangi kabla ya kukutana na cheche. Ukiona tangi limeanguka, ondoka upande upepo unakotoka, waondoe na watoto, na usiwashe pikipiki iliyo karibu.

Wanaojenga nyumba wana tahadhari yao. Mchanga huuzwa kwa tripu na ukubwa wa bodi, lakini mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina takriban tani 1.6, nao ukinyeshewa hukaribia tani 2. Bodi ileile iliyokuwa halali jana inaweza kuwa imezidi leo baada ya mvua. Tena lori la kumwaga linapoinua bodi yake, kitovu cha uzito hupanda kuliko wakati wowote wa safari. Likisimama kwenye ardhi laini au yenye mwinamo, na mchanga mbichi ukagandamana upande mmoja, hulala chali ubavuni kwa sekunde moja au mbili. Mwoneshe dereva mahali tambarare pa kumwagia, na asiwepo mtu ubavuni mwa gari bodi inapopanda.

Urefu

Urefu wa lori huleta matatizo ya aina nyingine, na hapa tutasema machache. Semitrela inapokata kona, matairi ya tela hayafuati njia ya kichwa, hukatiza kwa ndani. Ndiyo maana dereva hutanua kwanza upande wa nje kabla ya kupinda. Mwendesha bodaboda au mtembea kwa miguu anayeiona nafasi hiyo iliyoachwa na kujipenyeza humo, amejiweka mahali ambapo tela litapita. Lori linalovuta tela la pili lina tabia ya kukuza kila mtikisiko: usukani ukichezeshwa kidogo mbele, tela la mwisho huyumba zaidi, na huweza kuanguka kabla dereva hajahisi lolote.

Anayelipita lori refu ahesabu vilevile. Kulipita lori la mita 20 linalokwenda kilomita 50 kwa saa, wewe ukiwa kwenye 80, huchukua karibu sekunde 8, na katika sekunde hizo utatumia mita 175 hivi za barabara. Gari linalokuja mbele yako kwa mwendo kama wako nalo litatumia mita 175. Unahitaji basi kuona mita 350 zilizo wazi. Kwenye kilima au kona huzioni, hata kama dereva wa lori amekuwashia taa ya kukuruhusu.

Kabla ya kulipa nauli

Tunamshauri mwenye mzigo aulize mambo manne na kusubiri majibu yake: lori lina uzito gani likiwa tupu, lina ekseli ngapi, mtengenezaji ameruhusu uzito gani, na mzigo utafika kimo gani. Msafirishaji makini anazo takwimu hizo kwenye nyaraka za gari. Asiyejua uzito wa gari lake hawezi kujua uzito anaoweza kukubebea, na anayekuahidi kubeba mara moja kile ambacho wenzake wanataka kukibeba kwa safari mbili amekwisha kukujibu.

Pima mzigo wako kabla ya kupakia, kwa kilo, wala usiukadirie kwa magunia. Andikianeni uzito huo kwenye hati ya makubaliano pamoja na idadi ya vifurushi. Lori likipitia mizani njiani, omba nakala ya tiketi yake: inaonesha uzito wa kila ekseli, na ndiyo ushahidi wako endapo itadaiwa baadaye kwamba ni wewe uliyezidisha, au kwamba dereva aliongeza mzigo wa watu wengine baada ya kuondoka kwako. Soma pia masharti ya bima ya mzigo wako kuhusu uzito uliozidi, jambo ambalo wengi hulisoma baada ya hasara.

Usiweke muda wa kufika unaomlazimisha dereva kuiteremka Kitonga kwa haraka. Ikiwa soko linafunguliwa alfajiri, mzigo uondoke mapema zaidi siku iliyotangulia.

La mwisho tunalisema kwa sababu tunaliona kila wiki kwenye barabara za kwenda minadani. Wafanyabiashara hupanda juu ya magunia yao wakihofia wizi, au kwa kuwa nauli ya basi ni gharama nyingine. Watu 20 walioketi juu ya mzigo ni zaidi ya tani moja iliyowekwa mahali pa juu kabisa pa gari, tani inayojiinamisha yenyewe kila kona. Lori likilala, wao huangukiwa na mali waliyokuwa wakiilinda. Mwenye lori anayeruhusu jambo hilo aripotiwe kituo cha polisi kilicho karibu. Na mwenye mzigo anayehofia wizi amtume mwakilishi wake kwa basi, amsubiri dereva mzigo unakoshushwa akiwa na orodha ya vifurushi mkononi.